Wasomaji wauliza: Vibali na ushuru wa studio ndogo ya picha

Ukumbi wa leo ni wa wapiga picha wa Kenya. Tumejibu kwa urefu yale yanayogharimu watu pesa nyingi, na yale mepesi tumeyapitia haraka.

Nina kamera, printa na mtaji mdogo. Nataka kufungua studio ya picha za pasipoti na za harusi hapa Likoni. Nianzie wapi: kaunti, KRA au kusajili jina? – Msomaji, Likoni

Anza na PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, inayotolewa na KRA (mamlaka ya ushuru), kwa sababu afisi nyingine zote zitakuuliza hiyo kwanza. Hutolewa bure kwenye iTax, tovuti ya KRA. Kama ulishapewa ulipotafuta kazi au mkopo wa masomo, tumia hiyo hiyo. Mtu mmoja ana PIN moja, na kinachoongezwa juu yake ni aina ya ushuru utakaolipa. Hilo tutalifafanua hapa chini.

Pili ni jina. Ukifanya biashara kwa majina yako kamili bila kuongeza kitu, sheria haikulazimishi kusajili. Ukiongeza hata neno "Studio" nyuma yake, inabidi usajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada isiyozidi sana Sh1,000. Andaa majina kadhaa kwa jinsi unavyoyapenda, maana yale ya kawaida kawaida yamekwisha kuchukuliwa na utarudishwa nyuma siku kadhaa. Cheti utakachopata hakimzuii mwingine kutumia jina linalokaribiana na lako. Ukitaka ulinzi huo, sajili alama ya biashara kwenye taasisi ya KIPI. Vilevile cheti hakikutenganishi na biashara yako: deni la studio ni deni lako wewe.

Tatu ni kibali cha biashara cha kaunti, na hapa ndipo wengi hulipa zaidi ya inavyostahili. Ada hutegemea sheria ya fedha ya kaunti, mahali ulipo, ukubwa wa chumba na idadi ya wafanyakazi. Karani akikuandika kwenye kundi lisilo lako, utalipa ada ya duka kubwa kwa chumba cha mita tatu kwa nne. Kabla ya kutuma pesa, soma maelezo ya kundi lililoandikwa kwenye bili. Likiwa si lako, omba lirekebishwe papo hapo, kwa kuwa kurudishiwa pesa baadaye ni kazi ngumu. Uliza pia mwaka wa kibali unahesabiwaje. Kaunti nyingi huhesabu Januari hadi Desemba, kwa hiyo anayelipa Novemba ada ya mwaka mzima huenda akatakiwa kulipa tena baada ya wiki chache.

Uliza kama ada ya ubao wa nje na cheti cha zimamoto vimo ndani ya kibali au hulipiwa kando. Nairobi ilianza mwaka wa 2023 kutoa kibali kimoja kilichounganisha hayo. Kwingineko huenda ukaletewa bili tofauti. Na usitie saini mkataba wa pango kabla ya kuthibitisha kuwa jengo limeruhusiwa kwa biashara. Kibali kikikataliwa, mwenye nyumba hatakurudishia kodi ya miezi uliyotanguliza.

Sina studio. Napiga harusi na mahafali, na picha nazisafishia nyumbani. Je, kibali kinanihusu? – Msomaji, Nakuru

Kinakuhusu. Nenda afisi ya biashara ya kaunti ueleze kazi ilivyo, kisha uulize kundi dogo kabisa linalokufaa. Kampuni na shule hudai nakala ya kibali kabla ya kukupa kazi, hata kama askari wa kaunti hajawahi kukuuliza.

Fahamu kwamba kibali hicho hakikufungulii kila lango. Picha za maarusi ndani ya Fort Jesus zinahitaji idhini ya Makumbusho ya Kitaifa, msitu wa Karura uko chini ya Huduma ya Misitu, nazo mbuga za kitaifa ziko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Kazi ya kulipwa ina ada yake mbali na kiingilio. Iandike ada hiyo kwenye bei unayompa mteja tangu mwanzo, la sivyo itatoka mfukoni mwako siku ya harusi, bi harusi akiwa amesimama langoni.

Rafiki ananiambia nilipe asilimia 3 ya mauzo na nisijisumbue na hesabu. Mwingine ananiambia nitapunjika. Nani mkweli? – Msomaji, Eldoret

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, inategemea faida yako. Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko vibali vyote, na ufanywe kabla ya ankara ya kwanza.

Ushuru wa mauzo, maarufu kama TOT, ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Unawahusu wenye mauzo yanayozidi Sh1 milioni lakini yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Huwasilishwa na kulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unatozwa juu ya pesa zote zilizoingia: pango, karatasi, wino na malipo ya msaidizi havipunguzwi. Njia ya pili ni ushuru wa mapato wa kawaida, unaotozwa juu ya faida: asilimia 10 kwa Sh288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa Sh100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30 kwa kiasi cha juu yake hadi Sh6 milioni. Kutoka hapo unaondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 kwa mwaka.

Tuchukue studio yenye mauzo ya Sh1.8 milioni kwa mwaka. TOT ni Sh54,000, iwe umepata faida au hasara. Faida ikiwa Sh600,000, ushuru wa mapato ni Sh28,800 jumlisha Sh25,000 jumlisha Sh63,600, yaani Sh117,400. Ukiondoa nafuu, unalipa Sh88,600. Hapo TOT ni rahisi. Faida ikiwa Sh300,000 tu, kwa sababu pango na wino vimekula sehemu kubwa, ushuru wa mapato ni Sh31,800, na baada ya nafuu unalipa Sh3,000. Hapo TOT imekuumiza vibaya. Kwa mauzo hayo, njia hizi mbili hulingana faida inapokuwa karibu Sh485,000.

Anayetaka kubaki kwenye ushuru wa mapato humwandikia Kamishna wa KRA kuomba asiwekwe kwenye TOT. Kuna jambo jingine ambalo watu hulipuuza: sheria ya TOT haigusi mapato yatokanayo na ada za kitaalamu. Duka la picha za pasipoti, fremu na uchapishaji linaingia vizuri kwenye TOT. Anayeishi kwa mikataba ya kampuni aende kituo cha KRA aeleze kazi yake kabla ya kujiongezea TOT kwenye iTax. Ukishajiongezea, mwezi usiowasilisha una faini ya Sh1,000 hata kama hukupiga picha moja.

Ukichagua ushuru wa mapato, usiiondoe bei yote ya kamera katika mwaka mmoja. Ni kifaa cha kudumu, na huondolewa kidogo kidogo: kamera ya Sh200,000 kwa kiwango cha asilimia 10 hupunguza faida kwa Sh20,000 mwaka wa kwanza na Sh18,000 mwaka wa pili. Kompyuta huenda kwa asilimia 25. Ripoti ya mwaka ni kufikia Juni 30. Hata asiyepata kitu na awasilishe ya sufuri, maana faini ya kuchelewa haipungui Sh2,000.

Mauzo yakifika Sh5 milioni ndani ya miezi 12, unapaswa kujisajili kwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, wa asilimia 16.

Nilitoza kampuni Sh50,000 ikanitumia Sh47,500. Pia walikataa risiti yangu ya kitabu wakataka ya eTIMS. Wana haki? – Msomaji, Kisumu

Wanayo. Malipo ya huduma za kitaalamu yanayofika Sh24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5 na mlipaji, naye huipeleka KRA kwa jina lako. Sh2,500 zako hazijapotea: dai cheti cha makato, kitokee kwenye akaunti yako ya iTax, nawe uzitoe kwenye ushuru wa mwaka. Wanaopoteza ni wale wasiofuatilia cheti hicho, au waliotoa PIN yenye tarakimu moja iliyokosewa.

Kuhusu eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, tangu Januari 1, 2024 kampuni haiwezi kuhesabu malipo kama gharama bila ankara ya mfumo huo, hivyo hawakukataa kwa ukaidi. Asiyesajiliwa kwa VAT hutumia eTIMS Lite kupitia eCitizen au kwa kubonyeza *222# kwenye simu, bila kununua mashine.

Fungua pia namba ya M-Pesa ya biashara peke yake. Ukichanganya mchango wa mazishi, mkopo wa chama na malipo ya wateja, mzigo wa kuthibitisha kipi si mauzo ni wako. Kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano.

Naweza kutundika mtandaoni picha za watoto niliowapiga kwenye mahafali? Picha si zangu? – Msomaji, Machakos

Usizitundike bila idhini ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu picha hizo kuwa taarifa za mtu binafsi, na kutumia za mtoto kujitangazia biashara kunahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi, na klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja wake.

Wala usidhani picha ni zako kwa kuwa kidole kilichobonyeza ni chako. Kwa kazi ya kuagizwa, sheria ya hakimiliki ya Kenya humpa aliyeagiza haki hiyo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kubaki nayo, au angalau kuziweka kwenye albamu ya maonyesho, iandike sentensi hiyo kwenye mkataba kabla ya kupokea amana.

Wateja wa harusi wanataka drone. Ninunue? – Msomaji, Malindi

Kwanza fanya hesabu ya karatasi. Chini ya kanuni za 2020, drone husajiliwa na mamlaka ya anga, KCAA. Kuiingiza nchini kunahitaji kibali, na kuirusha kwa malipo kunahitaji cheti cha mwendeshaji pamoja na rubani mwenye leseni. Kwa harusi chache kwa mwaka, kodisha mtu aliyekwisha kupata vyeti hivyo, na uchukue nakala zake kabla ya siku ya kazi.