Semina ya Kifaransa ndani ya kozi ya historia, inawezekana Tabora?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mzaliwa wa Ujiji ila nafundisha historia chuo kimoja hapa Tabora mjini. Kuna mwenzangu alisoma Marekani, ananiambia huko vyuo vingine mwanafunzi anasoma kozi yake ya kawaida, iwe historia au uchumi au mazingira, alafu kila wiki anaingia semina ya saa moja kujadili mambo yale yale kwa lugha nyingine. Nimeipenda sana. Nilipoigusia kwenye kikao cha idara nikaambiwa Kifaransa ni kazi ya watu wa lugha, na wanafunzi wenyewe Kiingereza kinawatoa jasho, nisiwaongezee mzigo. Nianze au niache?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza, tena anza muhula ujao.

Mwenzako kakwambia kweli. Chuo cha St. Olaf kule Minnesota kilianza semina hizo mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Cornell wanayo mpaka leo, semina ya hiari inayohesabiwa krediti 1 juu ya kozi yenyewe. Pale Chuo Kikuu cha Binghamton wanaoongoza vikundi wengi ni wanafunzi wa shahada za juu waliotoka nchi za nje, na hilo la mwisho ulishike, nitalirudia.

Sasa hao wanaosema Kifaransa ni kazi ya watu wa lugha, waulize kwa upole tu, Tabora ilitekwa na nani toka kwa Wajerumani mwaka 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia? Waliotangulia kuingia mjini tarehe 19 Septemba ni jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur, askari wake wengi wakiwa Wakongo, na Waingereza waliokuwa wanashuka kutoka Mwanza wakafika mji umeshachukuliwa. Tombeur mwenyewe baadae akapewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora! Kigoma na Ujiji kwenu zikabaki mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921, na hata baada ya hapo wakaachiwa sehemu yao ya bandari Kigoma na nyingine Dar es Salaam. Yaani miaka yote hiyo makarani walikuwa wanaandika kwa Kifaransa, Wajerumani kabla yao kwa Kijerumani, na mwanafunzi wako anasoma habari za mji anaolala kupitia Kiingereza peke yake, manake anaisoma kwa mdomo wa yule aliyefika amechelewa. Hilo linaniuma sana na sioni kwanini lisikuume na wewe.

Kwahiyo semina yako isiwe darasa la lugha. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanaanza na sarufi, wiki ya tatu watu wamekimbia. Tafuta ukurasa mmoja tu wa Kifaransa kwa wiki, usizidishe, na uje na swali ambalo kitabu cha Kiingereza hakiwezi kulijibu. Mfano, huyu ofisa wa Kibelgiji wapagazi anawahesabu au anawapita tu kama mizigo? Anawaita nani? Watu watachimba kamusi wenyewe kwasababu wanataka jibu. Mtu akikwama katikati ya sentensi amalizie kwa Kiswahili, hamna ubaya, na usikate maksi kwa kukosea kitenzi, maksi ziende kwenye hoja.

Halafu nani aongoze. Angalia kama chuoni kwako kuna kijana wa Bujumbura au wa Uvira kule Kongo aliyesoma shule kwa Kifaransa, huyo ndo mtu wako. Mkae nae siku moja kabla mpitie ukurasa, wewe unajua historia yeye anajua lugha. Ila asifanye bure! Bumu, ile pesa ya mkopo wa serikali, ni la Watanzania, yeye hapati, kwahiyo pigania idara imlipe chochote hata kama ni kidogo, mtu anayefanya kazi ya mwalimu alipwe. Na mwalimu wa Kifaransa mshirikishe mapema, muombe awape orodha ya maneno 20 kila wiki, asije akaona umemvamia.

Kuhusu mzigo, wana hoja. Ndo maana iwe hiari, watano sita wanatosha, na lazima ihesabiwe kwenye matokeo, maana saa ya ziada isiyo na krediti wala maksi mwanafunzi mwenye njaa haji, na simlaumu.

Na isiishie historia. Mi nimekulia Mwanga, Kigoma, na pale mwalo wa Kibirizi nimeona dagaa yetu ikifika kwa Mrundi inaitwa ndagala, mgebuka unaitwa mukeke, samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile. Ziwa Tanganyika lina nchi 4, zilisaini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, ofisi ya mamlaka yake iko Bujumbura, na Burundi na Kongo kwenye maofisi Kifaransa ndo kinatumika. Sisi upande wetu tulifunga uvuvi miezi 3 kuanzia tarehe 15 Mei 2024, basi mwanafunzi wa uvuvi au mazingira anayetaka kujua ng'ambo wavuvi wanalalamika nini na serikali zao zinawajibu nini, atasubiri mpaka lini atafsiriwe? Ukimaliza muhula wa kwanza kamuone mwenzako wa kozi hizo.

SWALI: Dada, Kifaransa nilisoma mpaka form two tu basi. Semina kama hiyo ikianzishwa chuoni kwetu nitaweza au nitaaibika?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Utaweza mwanangu, ila usiende mikono mitupu. Soma kwanza sehemu ile ile kwenye noti zako za lekcha, ukishajua habari inahusu nini maneno mengi utayabahatisha na utapatia. Wiki mbili za mwanzo kazi yako iwe kusikiliza na kuuliza swali moja, liandike kabisa kwenye daftari kabla hujaingia. Na anayeongoza akiwa Mkongo wa upande wa Uvira, Kiswahili anacho, muombe akurudie polepole.