Je, harufu husikika?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa sekondari mwalimu alinikosoa kila niliposema "nasikia njaa" au "nasikia harufu", akisisitiza kwamba kinachosikika ni sauti peke yake. Je, ni makosa kweli? Na kama si makosa, ilikuwaje neno moja likabeba mambo yote haya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea. Huenda mwalimu wako alidhani kwamba kitenzi "sikia" kimetokana na "sikio", ilhali nomino hiyo ndiyo iliyonyambuliwa kutoka kwenye kitenzi, kama "pigo" lilivyotokana na "piga".

Majirani zetu nao husema hivyo hivyo. Mganda husema "mpulira enjala", yaani nasikia njaa, kwa kitenzi kile kile anachokitumia kwa wimbo, na Mzulu hutumia "zwa" kwa sauti, maumivu na harufu. Lugha hizi ni za ukoo wa Kibantu, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba huu ni urithi tu. Lakini Waitaliano, ambao lugha yao haina undugu na yetu, hutumia "sentire" kwa muziki, kwa baridi na kwa harufu ya kahawa. Lugha zisizo na nasaba zinapokutanisha maana zile zile, sababu yafaa itafutwe katika mwili wa binadamu. Kwa maoni yangu, sauti, harufu na njaa zinafanana kwa kuwa humjia mtu bila yeye kuzielekea, wala hana kope za kuzifumbia.

Maana mpya huzaliwa pale ambapo usemi mmoja unaruhusu tafsiri mbili kwa pamoja. Mama anapomwambia mwanawe "nisikie", anataka sauti yake ifike na agizo lake litekelezwe. Usemi huo ukirudiwa kwa vizazi, maana ya pili husimama yenyewe, na ndiyo maana "mtoto huyu hasikii" hatuielewi kuwa ni kiziwi. Warumi walipita njia hiyo hiyo: kitenzi chao cha kutii, "oboedire", kiliundwa kutokana na "audire", kusikia.

Hayo yatofautishwe na "kaa" wa baharini, "kaa" la moto na "kaa" kitini. Hapo ni maneno matatu yaliyofanana kwa sauti, wala hakuna maana iliyozaa nyingine, na ndiyo sababu kamusi huyapa vidahizo tofauti, yaani maingizo yanayojitegemea, huku "sikia" ikipewa kidahizo kimoja chenye maana kadhaa chini yake.