Kemikali za kuzuia moto: je, yai la kuku linatosha kumsemea kozi?

SWALI: Nasomea tiba ya mifugo. Nimesoma kwamba kemikali za kuzuia moto aina ya PBDE zilipodungwa kwenye mayai ya kuku, vifaranga waliendelea kuanguliwa. Mbona basi zinahesabiwa kuwa hatari kwa ndege wawindaji? Na nikipata mayai viza ya kozi, mmoja wa ndege hao, niyahifadhije hadi yapimwe?

JIBU: Uliyosoma ni kweli, ila jaribio hilo lilikuwa na sehemu ya pili. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, mchanganyiko wa PBDE uitwao penta ulidungwa kwenye mayai ya kuku, ya bata na ya kozi mdogo wa Amerika, Falco sparverius. Uhai wa kuku na bata haukuathirika. Kwa kozi, kipimo cha mikrogramu 10 na 20 kwa gramu ya yai kilipunguza idadi ya makinda walioweza kutoboa ganda na kutoka. Kwa hiyo ukitumia kuku kukadiria usalama wa kozi, utakosea, tena kwa upande wa hatari.

Binafsi naogopa zaidi madhara yasiyoua. Watafiti wa Kanada waliwapa kozi wa aina hiyo hiyo PBDE, tangu ndani ya yai, kwa viwango vinavyokaribia vile vya mayai ya shakwe wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Thairoksini, homoni ya tezi dundumio, ilishuka. Vitamini A ikapungua. Viungo vya kinga vikabadilika. Na hapa uwe makini sana: makinda hao walikula zaidi na kunenepa haraka kuliko wenzao. Anayepanda kwenye kiota na mizani peke yake atarudi akisema wana afya njema! Katika majaribio mengine, wazazi waliolishwa penta walichelewa kutaga, na mayai yao yalikuwa madogo, yenye ganda jembamba.

PBDE huchanganywa tu kwenye sponji za makochi na plastiki za vifaa vya umeme, bila kufungamana nazo, hivyo hutoka taratibu pamoja na vumbi. Huyeyuka kwenye mafuta ya mwili na kuongezeka kila mnyama anapomla mwingine. Sweden, mayai ya kozi wa porini yalikutwa na PBDE nyingi kuliko ya kozi wa kufugwa waliolishwa kuku. Penta ilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu, mwaka 2009, na deka, mchanganyiko mwingine wa PBDE, mwaka 2017, lakini makochi na televisheni za zamani bado zipo majumbani na majalalani.

Kuhusu mayai, anza na kibali cha mamlaka ya wanyamapori, hata kama yai limeoza. Usilifunge kwa sponji wala mfuko wa plastiki, maana vyenyewe vyaweza kulichafua. Tumia karatasi ya alumini iliyosuuzwa kwa asetoni na kukaushwa. Pia huzuia mwanga, ambao huvunjavunja deka. Pima urefu, upana na uzito kabla ya kugandisha. Yai viza hupoteza maji, na kemikali iliyobaki huonekana nyingi kuliko ilivyokuwa siku lilipotagwa. Bila vipimo hivyo maabara haitaweza kusahihisha hesabu.