Maswali ya Wasomaji: Dini ya Watawa na Mkulima Asiyejua Kusoma

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Tulipofika kwenye dini za Asia, mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa Ubudha ulihitaji kukaa utawani na kusoma vitabu vingi, mkulima wa Japani ya kale aliufuataje? Naomba mnisaidie kumjibu.
Mwalimu, Pasua

JIBU: Mwalimu, swali hilo ndilo lililomsumbua Honen, mtawa wa Kibudha wa Japani aliyezaliwa mwaka 1133 na kuingia utawani akiwa mtoto, baada ya baba yake kuuawa. Alisoma kwa miaka mingi katika mlima Hiei, karibu na Kyoto, mahali ambapo wanawake hawakuruhusiwa hata kupanda, lakini moyo wake haukutulia, kwa kuwa kila njia aliyofundishwa ilidai elimu, nafasi ya kutafakari au mwenendo usio na doa. Mwaka 1175 alikuta katika maandishi ya Shandao, mtawa wa China wa karne ya 7, kwamba kulitaja jina la Amida, Buddha anayeaminiwa kuwaokoa viumbe wote, mtu awe anatembea, ameketi au amelala, kunatosha kumfikisha Nchi Safi, yaani makao ya raha ya Amida ambako mtu huzaliwa baada ya kufa, kwa sababu Amida mwenyewe aliahidi hivyo. Akateremka mlimani, akawafundisha watu wote kutamka “Namu Amida Butsu”, yaani “Namtegemea Buddha Amida”.

Wanafunzi wako waliozoea kuwaona bibi zao wakisali rozari watalielewa jambo hili upesi. Hata hivyo, wasidhani kwamba Honen alitafuta mteremko, maana yeye mwenyewe alishika nadhiri zake za utawa hadi alipofariki mwaka 1212. Hoja yake, aliyoiandika mwaka 1198, naiona nzito sana: kama ahadi ile ingedai kuchonga sanamu na kujenga minara, maskini wangekata tamaa, nao ndio wengi, kama ingedai akili na elimu, wasiosoma wangeachwa nje.

Mahekalu makubwa hayakupendezwa. Mwaka 1207 utawala ulipiga marufuku mafundisho hayo, baadhi ya wafuasi wakauawa, na Honen akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Shikoku akiwa mzee. Mwanafunzi wake Shinran, aliyepelekwa uhamishoni katika jimbo la Echigo, alioa waziwazi, jambo ambalo watawa walikatazwa, na baadaye akaishi miaka mingi miongoni mwa watu wa kawaida wa mashariki ya Japani. Uzeeni aliwatungia tenzi kwa Kijapani badala ya Kichina cha wasomi, ili hata asiyejua kusoma aweze kuziimba.