Wajerumani hawatuzidi bidii

Wadogo zangu wa chuo cha ufundi cha VETA, swali lenu nimeliona: "Kaka, hao Wajerumani wanatuzidi nini kazini? Ni utamaduni wao au kuna kingine?" Na mmoja wenu akajibu kabla yangu, eti wenzetu wamezaliwa na nidhamu, sisi tumezaliwa na porojo. Ngoja nijibu mimi ninayeshinda nao karakanani hapa Ujerumani.

Kwa bidii hawatuzidi. Mfanyakazi wa Ujerumani kwa wastani anafanya kazi saa 1,340 hivi kwa mwaka, chini ya karibu nchi zote tajiri. Wastani huo unashushwa na wengi wao, hasa kina mama, kufanya kazi nusu siku. Lakini hata sisi wa siku nzima, karakana inafunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa tisa alasiri mtu ananawa mikono. Mpigie jioni kwa jambo la kazi uone atakavyokujibu. Fundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, Dar, anayekesha na injini anawapita mbali kwa saa, tena yeye hana kreni wala vipuri vya uhakika.

Wanapotuzidi ni hapa: anachokijua mtu wa chini kinafika juu kabla hasara haijatokea. Karakanani kwetu mwanagenzi wa miaka 17 alimwambia fundi mkuu, mbele ya watu wote, kwamba kipimo alichoandika hakiko sawa. Mimi nikainamisha macho kusubiri radi. Mzee akapima upya, akafuta, akaandika kingine, kazi ikaendelea. Hakuna aliyesema kijana ana kiburi, na wakati wa chai hakuna aliyelikumbuka. Gereji nilizopitia mimi Dar, kijana yule angenyamaza, chuma kingekatwa hivyo hivyo, halafu hasara angebebeshwa yeye.

Najua mtasema, si ndio huo utamaduni wenyewe? Polepole. Wajerumani hawa hawa babu zetu waliwajua kwa kiboko. Hamsa ishirini zile, viboko ishirini na tano, hazikutoka kwingine, na mkoloni wao Carl Peters hakuitwa Mkono wa Damu kwa utani. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyowasha Maji Maji mwaka 1905 hayakuwa na mtu wa kumuuliza mkulima anaonaje. Na kwao penyewe mambo hayakuja kwa baraka. Sheria ya kwanza ya mabaraza ya wafanyakazi, yaani wawakilishi wanaowachagua wenyewe wa kuwasemea kwa bosi, ilipita mwaka 1920, na Januari ya mwaka huo makumi ya waandamanaji waliolalamika kuwa inawapa wafanyakazi madaraka kiduchu waliuawa kwa risasi mbele ya bunge mjini Berlin. Wanazi waliposhika nchi wakayafuta mabaraza hayo. Yaliwekwa tena kisheria baada ya vita, na sheria ya 1952 ikaja kuongezewa meno 1972.

Leo mahali penye wafanyakazi watano wa kudumu wanaweza kuchagua baraza lao. Likishakuwepo, bosi akimfukuza mtu bila kulisikiliza kwanza, barua yake ya kufukuza ni karatasi tu. Kwenye kampuni yenye watu zaidi ya 2,000, sheria ya 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ingawa kura zikilingana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni wa upande wa wenye mali, ndiye anayeamua. Kwa hiyo yule mwanagenzi msimwone shujaa. Anajua tu kwamba kusema hakutamnyima mkate.

Anayeng'ang'ania damu na asili anieleze habari ya Ujerumani Mashariki. Lugha moja, mababu wamoja, uanagenzi ule ule. Miaka 40 ya kuagizwa kila kitu na chama kutoka juu, na ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 tija yao haikufika hata nusu ya tija ya Magharibi. Gari lao la Trabant mtu aliandikisha jina akangoja zaidi ya miaka kumi. Ukimya tunaoutaja kuwa ni wetu, wale waliuzoea vizuri sana.

Na sisi je, ni wa kunyamaza tangu asili? Waulizeni wazee waliokuwa viwandani Dar baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wakaichukulia kweli. Waligoma, wakawafungia mameneja nje ya lango, wakawasomea ibara hiyo usoni. Mwaka 1973 serikali ikachoka nao, baadhi wakafukuzwa kazi. Somo walilobaki nalo wengi ni kwamba anayesema ndiye anayeumia, na watoto wao tukaja kuliita heshima.

Sasa msidhani huku ni peponi. Kashfa ya dizeli ya Volkswagen ya 2015, ya programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari kama milioni 11, ilitokea hapa hapa, kwenye kampuni ambayo baraza lake la wafanyakazi lina nguvu kuliko karibu lolote. Wachambuzi wengi walitaja woga wa kumpelekea bosi habari mbaya. Kumbe sheria inaweza kuwepo na watu wakafyata mkia. Treni za masafa marefu mwaka 2024 zaidi ya theluthi zilichelewa. Uchumi ulisinyaa 2023, ukasinyaa tena 2024. Na kila jambo lina kikao. Kubadilisha mpangilio wa zamu huku kunaweza kuchukua miezi, maana ni lazima baraza likubali.

Halafu karatasi. Fundi wa Kariakoo anayetambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu hawezi kufungua gereji yake hapa mpaka awe na cheti cha ufundi mkuu au kibali kinacholingana nacho. Mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu nikifagia na kubeba vyuma wakati cheti changu kinakaguliwa. Na ukikosea utaambiwa wazi, bila "pole" wala "ndugu yangu", na jioni kila mtu anaingia kwake anafunga mlango. Miaka ya mwanzo hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko baridi.

Yule aliyeuliza kama nitarudi kufungua gereji Morogoro: nia ipo. Mashine naweza kununua zilizotumika. Ninachokiwazia zaidi ni siku kijana wangu wa kwanza atakaponikosoa mbele ya mteja, na mteja ni mzee mwenzangu anayetegemea nimfokee. Na kijana mwenyewe asipokosoa kabisa, kwa kuniita "bosi" asubuhi mpaka jioni, nitamfundishaje? Nimefikiria kuanza na fedha: anayegundua kosa kabla chuma hakijakatwa anapata chake Jumamosi, hata kama kosa ni langu. Shemeji yenu anacheka, anasema nitafilisika mwezi wa kwanza.