Jibu: Kwa nini MV Doria haikujengwa Mtongwe?

Kaka, umeuliza kwa nini MV Doria, meli ya walinzi wa pwani, ilitoka Bangladesh ilhali tuna kiwanda cha meli cha Kenya Shipyards hapa Mtongwe, Mombasa. Jibu fupi ni tarehe. Doria ilizinduliwa Liwatoni Novemba 2018 pamoja na Huduma ya Walinzi wa Pwani yenyewe. Kenya Shipyards, shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, liliundwa 2020.

Lakini hata leo, meli ya doria si kazi ya kuchomelea chuma tu. Bodi ya meli, yaani umbo lake la nje, ni sehemu rahisi: unakata mabamba, unaunda vipande vikubwa, unaviunganisha, mkaguzi anapima kila mshono. Ugumu ni ndani: injini na shafti inayozungusha rafadha kulingana sawasawa, nyaya zinazopita kila chumba, rada, mitambo ya mawasiliano, silaha. Hivyo vyote vinataka wahandisi waliokwishafanya kazi hiyo, na uzoefu huo hujengwa meli baada ya meli. Kenya Shipyards wa Kisumu wameanza vizuri na MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, wakisaidiwa na Damen, kampuni ya kujenga meli ya Uholanzi. Hiyo ni meli ya mizigo ya ziwani, lakini mafundi waliobaki na ujuzi ni wetu.

Kwa maoni yangu, Mtongwe waanze na matengenezo ya manowari na boti ndogo za doria. Na vijana wa Likoni na Mtongwe wachukuliwe uanagenzi sasa, kabla kandarasi kubwa hazijafika.