Dainamo ya babu na swali la "nani anazungusha?"

Nilitaka kuwafundisha wanangu jinsi nchi mbalimbali zinavyopata umeme, na mara ya kwanza nilianza vibaya. Niliwaketisha, wa kike ana miaka tisa na wa kiume sita, nikatandaza ramani ya dunia na kutamka "nishati jadidifu", yaani ile isiyoisha kama ya upepo, maji na jua. Mdogo akaomba maji ya kunywa. Dada yake akauliza kama kuna mtihani. Somo likaishia hapo.

Siku chache baadaye umeme ukakatika jioni, nikakumbuka baiskeli ya marehemu babu yao iliyokuwa stoo. Niliipindua matairi juu, nikaigandamiza dainamo, kile kifaa kinachotoa umeme wa taa kikizungushwa, kwenye tairi la nyuma, nikamwambia mdogo azungushe pedali kwa mkono. Taa ikatoa mwanga wa njano, hafifu. Akikaza mwendo inang'aa, akichoka inafifia. Waligombania zamu mpaka ubwabwa ukapoa.

Tangu hapo, kila nchi tunaiuliza swali moja: huko nani anazungusha? Denmaki ni upepo, na unawapa zaidi ya nusu ya umeme wao. Mwaka 1991, pale Vindeby, walisimika mitambo 11 ya upepo ndani ya bahari, wa kwanza duniani kuwa na shamba la aina hiyo. Kwetu Rufiji ni maji, yanayozungusha mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere. Olkaria, Kenya, ni mvuke wa chini ya ardhi, tangu 1981. Mtoto aliyeumwa mkono kwa kuzungusha pedali anaelewa upesi kwamba hao wote wanafanya kazi yake.

Anza na kinachojulikana nyumbani. Sisi tuko Tanga, kwa hiyo maji ya moto ya Amboni, na ile harufu yake ya mayai viza, yalinirahisishia Aisilandi, ambako nyumba tisa kati ya kumi hupashwa joto na maji yanayotoka ardhini. Bahari nayo ilinisaidia zaidi. Niliwaambia kwamba Ufaransa, kwenye mlango wa mto Rance, kuna ukuta uliojengwa miaka ya sitini, na maji yakijaa na kupwa yanapita humo na kuzungusha mitambo. Binti yangu akadakia, "Na siku za maji mafu je, mama?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Ni kweli, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, inatoa umeme mwingi kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Nilikwama kwenye sola. "Pale juu ya bati la jirani nani anazungusha?" Hapo usibabaishe. Hakuna anayezungusha: mwanga wenyewe ukiipiga paneli unausukuma umeme ndani yake. Ila Ouarzazate, Moroko, kuna vioo vinavyokusanya jua hadi joto lichemshe maji, na mvuke ndio unaozungusha. Joto linalozidi linatunzwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa, hivyo jua likizama mitambo bado inaenda. Chumvi iliwachanganya, nikaleta chupa ya chai: tuliyoimimina alfajiri, saa nne bado inaunguza ulimi. Wakanielewa.

Msiwapambie, lakini. Mimi niliwasimulia ukame wa 2006, mabwawa yetu yaliposhuka na nchi ikaingia kwenye mgao. Watoto hawakati tamaa kwa kusikia hivyo, wanauliza maswali makali zaidi.

Kwa wakubwa kidogo, kisa cha William Kamkwamba wa Malawi hakina mfano. Aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, akawa anasoma vitabu vya maktaba, na mwaka 2002, akiwa na miaka 14, akaunda kinu cha upepo kwa nguzo za mkaratusi, feni ya trekta, vipande vya baiskeli na dainamo. Niliposema "dainamo" mdogo aliruka. Kumbe na yeye anayo!

Ukitaka ya kwako, pita kwa mafundi baiskeli wa zamani, si madukani. Mwambie fundi aijaribu mbele yako kabla hujalipa, maana nyingi zimeliwa kichwa kile kinachosugua tairi. Chukua na balbu mbili za akiba. Wakizungusha kwa fujo, ya kwanza itaungua siku hiyohiyo.